Mchimbaji na sigara yake: Kolwezi imsaidie vipi kuacha

Kolwezi, sigara nyingi huuzwa moja moja. Mchuuzi hubeba boksi lake la sigara, biskuti, peremende na kiberiti, akazunguka kwenye maegesho ya pikipiki, kwenye depo za wanunuzi wa madini na pembezoni mwa machimbo. Mchimbaji aliyetoka shimoni hutoa noti ndogo ya faranga, huwashiwa hapo hapo, na dakika chache baadaye anashuka tena. Pakiti haishiki mkononi, kwa hiyo hata onyo lililochapwa juu yake halioni.

Mtu huyu ndiye kipimo cha kila mpango wa umma wa kuwasaidia watu kuacha kuvuta. Mpango usiomfikia yeye haujafika Kolwezi wala mkoa wake wa Lualaba, hata kama umezinduliwa kwa hotuba na fulana mpya.

Kwenye karatasi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo haiko nyuma. Iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku tarehe 28 Oktoba 2005, na kifungu cha 14 cha mkataba huo kinazitaka nchi kuwapa wavutaji msaada na matibabu ya kuacha. Mwaka 2010, nchi wanachama zilikutana Punta del Este, Uruguay, zikapitisha miongozo ya namna ya kukitekeleza kifungu hicho. Nyumbani, Sheria Na. 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018 kuhusu afya ya umma nayo inagusa tumbaku. Kila tarehe 31 Mei, Siku ya Dunia Bila Tumbaku, redio hukumbusha kwamba sigara inaua. Lakini mtu akiamka kesho mtaa wa Kasulo akasema sasa imetosha, aende wapi? Jibu lake linapaswa kuwa jepesi kama jibu la mwenye malaria: nenda kituo cha afya, utapimwa, utapewa dawa, utaambiwa siku ya kurudi.

Kabla ya kusema la kufanya, inafaa kueleza kwa nini jambo hili ni zito zaidi kwenye ukanda wa shaba kuliko mahali pengine. Tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 duniani kila mwaka. Lualaba, moshi wake hauingii kwenye mapafu matupu, unakuta vumbi limetangulia. Mwamba unapopondwa hutoa chembe za silika, ambazo tangu mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeziweka katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Chembe hizo zikikaa ndani miaka mingi huleta silikosisi, ugonjwa unaokakamaza mapafu na kufungulia njia kifua kikuu. Njia ya hewa ya binadamu ina vinyweleo vidogo sana vinavyosukuma uchafu kuurudisha juu hadi kooni, na moshi wa sigara huvilemaza. Mchimbaji anayevuta, basi, anaingiza vumbi lile lile analoingiza mwenzake asiyevuta, ila uwezo wake wa kulitoa umepungua.

Kisha kuna hewa yenyewe. Kanuni inaruhusu shimo la mchimbaji mdogo lishuke hadi mita 30, lakini mashimo mengi hupita hapo, na chini hewa ni haba. Moshi wa sigara una monoksidi ya kaboni, gesi inayong'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Anayevuta mbili tatu kabla ya kushuka anaingia mahali pa hewa haba akiwa na damu ambayo sehemu yake haibebi tena oksijeni.

Tena kuna kobalti, madini yanayochimbwa hapa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na cha Leuven, Ubelgiji, walichapisha mwaka 2018 utafiti juu ya wakazi wa Kasulo, mtaa ambao kuanzia mwaka 2014 watu walichimba chini ya nyumba zao wenyewe. Walikuta kobalti nyingi kwenye mkojo na damu ya wakazi, na watoto ndio waliokuwa na mzigo mkubwa zaidi. Kuliondoa vumbi hili lote la Kolwezi ni kazi ya miaka na ya wenye nguvu. Sigara ni sehemu ya mzigo huo ambayo inaweza kupunguzwa mwaka huu, kwa fedha kidogo, bila kungoja mwekezaji yeyote.

Wanaopanga programu hizi wakumbuke pia kwa nini mchimbaji anavuta. Anavuta kwa sababu nikotini inapunguza njaa, na siku nyingi hushinda shimoni bila chakula. Anavuta kwa sababu kazi ya usiku inataka macho, na kwa sababu ya hofu ya udongo kuporomoka. Nikotini hufika kwenye ubongo kwa sekunde chache na kumpa utulivu wa haraka, kisha baada ya saa kama mbili nusu yake imeshaondoka mwilini, na mwili unadai nyingine. Kumwambia mtu wa namna hii kwamba sigara ni mbaya ni kumwambia anachokijua. Anachohitaji ni mtu wa kumweleza kwamba siku tatu za mwanzo ndizo kali, kwamba hamu inayomshika hupita baada ya dakika chache akiivumilia, kwamba hasira na kukosa usingizi hupungua ndani ya wiki mbili hadi nne, na kwamba kuna dawa za kumvusha hapo.

Msaada huo uanzie wapi? Uanzie kwenye matibabu ya kifua kikuu. Huo ndio ushauri wa kwanza, na kama mkoa utafanya jambo moja tu, liwe hilo.

Kongo ni miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu duniani. Dawa zake hutolewa bure, na matibabu ya kawaida huchukua miezi sita. Mgonjwa anakohoa, amekonda, ameogopa, na anaonana na muuguzi yule yule mara kwa mara kwa nusu mwaka. Hakuna wakati mwingine ambapo mvutaji yuko tayari kusikiliza kama huu, wala hakuna huduma nyingine yenye ratiba iliyokwisha pangwa vizuri namna hii. Mvutaji anayeendelea kuvuta akiwa kwenye dawa ana hatari kubwa zaidi ya matibabu kushindwa na ya kifo. Kumuuliza kuhusu sigara ni sehemu ya kumtibu.

Pakistan walilijaribu hili. Katika vituo vya afya 33, wavutaji 1,955 waliokuja wakishukiwa kuwa na kifua kikuu waligawanywa makundi matatu. Kundi moja lilipewa vikao viwili vifupi vya ushauri, la pili vikao hivyo pamoja na dawa ya bupropioni, la tatu huduma ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Baada ya miezi sita, waliokuwa hawajarudia sigara walikuwa asilimia 41 kwenye kundi la ushauri peke yake, asilimia 45.4 kwenye kundi la ushauri na dawa, na asilimia 8.5 tu kwenye kundi la huduma ya kawaida. Matokeo yalitofautiana sana kituo kwa kituo, na jambo hilo lenyewe ni fundisho: huenda ushauri ule ule, ukitolewa na mtu anayejali, unazaa zaidi kuliko ukisomwa kama tangazo.

Afrika Kusini nao walifanya kwa uchache zaidi. Kwenye kliniki za Tshwane, wahudumu wasio wauguzi, watu wa kawaida waliofunzwa, walikaa na wagonjwa wa kifua kikuu wanaovuta kwa mazungumzo ya mara moja, ya muda mfupi, ya kumsaidia mgonjwa aseme mwenyewe kwa nini angependa kuacha. Wagonjwa walikuwa 409. Miezi sita baadaye, asilimia 21.5 ya waliozungumza na wahudumu hao walikuwa wameacha, dhidi ya asilimia 9.3 ya waliopewa ushauri wa kawaida na karatasi ya maelezo.

Hapa ndipo Kolwezi ina mtaji ambao haijautumia. Mkoa umegawanywa katika zone za afya, mji wenyewe una ya Dilala na ya Manika, na kila kituo cha afya kina relai zake, watu wa mtaa wanaopita nyumba kwa nyumba kuhimiza chanjo na vyandarua. Relai anajua nani anakohoa usiku. Akifunzwa siku chache jinsi ya kuzungumza na mvutaji, na akilipwa nauli na posho yake kama anavyolipwa kwenye kampeni za chanjo, anaweza kufanya walichofanya wahudumu wa Tshwane. Bila posho asitegemewe. Ni makosa ya zamani ya programu nyingi kudhani kwamba maskini atamhudumia maskini mwenzake bure mwaka mzima.

Muuguzi naye asibebeshwe kazi mpya ya saa nzima. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa Julai 2024 unapendekeza ushauri mfupi wa sekunde 30 hadi dakika 3 kwa kila mvutaji anayefika kwenye huduma ya afya. Inatosha kumuuliza, "Kaka, unavuta?", kumwambia waziwazi kwamba kuacha ndiyo dawa kubwa zaidi atakayojipa mwaka huu, kumuuliza kama yuko tayari, na kuandika siku ya kuacha kwenye kadi yake. Kadi ya kifua kikuu iwe na sehemu hiyo. Kisichoandikwa kwenye kadi hakiulizwi safari ya pili.

Ushauri wa pili ni kwa kampuni kubwa za madini. Kuzunguka Kolwezi kuna KCC, Mutanda, COMMUS, Sicomines na Kamoa, na mbele kidogo Tenke Fungurume. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamtaka mwajiri agharamie matibabu ya mfanyakazi na familia yake. Kampuni, kwa hiyo, zina zahanati, zina madaktari, na huwapima wafanyakazi afya zao. Hapo penye kipimo ndipo pa kumuuliza mtu kuhusu sigara na kumpa dawa. Viraka na jojo za nikotini vimo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu tangu mwaka 2009, na mwaka 2021 ziliongezwa bupropioni na vareniklini. Ipo pia sitisini, dawa ya siku 25 itokanayo na mmea, ambayo Wabulgaria wameitumia tangu miaka ya 1960 na ambayo kwa kawaida ni ya bei nafuu. Kampuni inayoweza kuagiza vipuri vya mitambo kutoka ng'ambo haiwezi kushindwa kuagiza sanduku la viraka.

Sharti moja lisivunjwe kamwe: jibu la mfanyakazi kuhusu sigara libaki kwa daktari. Likifika ofisi ya ajira, kuanzia siku hiyo hakuna atakayesema kweli. Na wale wanaoajiriwa kupitia kampuni ndogo za kandarasi, ambao ni wengi, wahesabiwe katika huduma hiyo hiyo.

Wachimbaji wadogo hawana mwajiri, wala hawana zahanati ya kampuni. Wazee wengi wa Kolwezi wanakumbuka hospitali za Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, zilivyohudumia familia nzima, hadi kampuni ilipoishiwa nguvu na wafanyakazi zaidi ya 10,000 kuondolewa kwa mpango wa miaka ya 2003 na 2004. Kwa hawa, fedha itoke wapi?

Ipo, na imeandikwa. Kanuni ya Madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inailazimisha kampuni yenye kibali cha uchimbaji itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa miradi ya maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Kampuni inayouza madini ya dola bilioni moja inatenga dola milioni tatu. Tena, katika mrabaha wa madini, asilimia 25 huenda mkoani na asilimia 15 kwenye serikali za chini ambako mgodi upo. Shule, visima na barabara vimezoeleka kuwa matumizi ya fedha hizi, na vinahitajika. Lakini posho za relai, mafunzo ya wauguzi na dawa za kuacha sigara kwa wagonjwa wote wa kifua kikuu wa Dilala na Manika ni sehemu ndogo sana ya kiasi hicho. Kikwazo ni kwamba kwenye vikao vya kupanga miradi hakuna anayesimama kuliomba hilo. Viongozi wa mitaa, wa mashirika ya kiraia na wa vyama vya ushirika vya wachimbaji wanapoketi kuandika majukumu ya kampuni kwa jamii, waliweke kwa maneno yanayopimika: dawa kiasi gani, vituo vingapi, relai wangapi, kwa miaka mingapi.

Fedha za kampuni za tumbaku zisiguswe. Kifungu cha 5.3 cha mkataba uleule kinataka sera za afya zilindwe dhidi ya maslahi ya wauza tumbaku, na zawadi yao kwa kliniki ni maslahi hayo hayo.

Simu nayo isaidie. Uingereza, jaribio lililochapishwa mwaka 2011 na lililohusisha watu wapatao 5,800 liliwatumia wavutaji ujumbe mfupi wa simu wa kuwatia moyo, mara kwa mara. Vipimo vilithibitisha kwamba asilimia 10.7 yao walikuwa wameacha baada ya miezi sita, dhidi ya asilimia 4.9 ya wale ambao hawakupata ujumbe huo. India ilianzisha huduma ya namna hiyo kwa nchi nzima mwaka 2016. Mchimbaji wa Kolwezi anaweza kukosa viatu vya usalama na bado akawa na simu. Ujumbe uandikwe kwa Kiswahili cha mji wake, ufike jioni anapotoka kazini, na asiyesoma apigiwe sauti iliyorekodiwa. Redio ifanye sehemu yake. Radio Okapi, inayotangaza kwa Kiswahili tangu ilipoanza mwaka 2002, na redio za mjini zinaweza kumpa kipaza sauti mchimbaji aliyeacha aeleze alivyopita wiki ya kwanza. Mwenzao wa shimoni atasikilizwa kuliko daktari.

Kuhusu bei, jambo liko wazi. Bei ikipanda kwa asilimia 10, matumizi katika nchi za kipato cha chini na cha kati hushuka kwa takriban asilimia 5, na wanaoacha zaidi ni vijana na maskini. Ila mkoa peke yake haupandishi kodi ya nchi, na mpaka wa Kasumbalesa, wa kuingia Zambia, uko kwenye barabara ya kusafirishia shaba, kwa hiyo kodi bila ulinzi wa forodha itawanufaisha wenye magendo. Kuhusu sigara za moja moja, Kenya ilipiga marufuku kuziuza chini ya kumi kwa pakiti kwenye sheria yake ya mwaka 2007, na bado zinauzwa mitaani Nairobi na Mombasa. Afrika Kusini ilikwenda mbali zaidi: kuanzia mwishoni mwa Machi hadi katikati ya Agosti 2020, wakati wa korona, ilikataza kabisa kuuza sigara, na wavutaji wengi waliendelea kununua kwa magendo kwa bei ya kuruka. Marufuku inayotangulia msaada humtajirisha mlanguzi. Huduma itangulie au zifuatane.

Makanisa yana nafasi ya pekee Kolwezi. Kanisa la Wakimbangu linakataza tumbaku, na makanisa mengi ya uamsho pia. Watu wengi wameacha kwa nguvu ya imani na ya kundi, na hilo liheshimiwe. Lakini pale sigara inapohesabiwa dhambi tu, anayeshindwa hujificha: huvuta nyuma ya nyumba, hutafuna majani ya kuondoa harufu, na hamwambii yeyote kwamba amerudia. Wengi hurudia mara kadhaa kabla ya kuacha moja kwa moja, ndivyo uraibu wa nikotini ulivyo. Mchungaji akiwa tayari kumsindikiza muumini wake hadi kituo cha afya badala ya kumsimamisha mbele ya watu, atakuwa ametenda jambo kubwa. Nyumbani vivyo hivyo. Mke, mama au kaka anayemwona mtu ana hasira siku ya pili bila sigara ajue ni dalili ya kupona, ampe chakula, maji na uvumilivu. Na kwa kuwa mchimbaji huvuta kutuliza njaa, uji au mkate kabla ya kushuka shimoni ni sehemu ya tiba.

Mwisho ni kuhesabu. Programu za kuacha sigara huwa zinaripoti waliohudhuria semina na vipeperushi vilivyogawiwa, takwimu zisizoonyesha kama kuna aliyeacha. Hesabu inayofaa ni moja: kati ya wavutaji waliopanga siku ya kuacha, wangapi hawavuti baada ya miezi sita? Kifaa kidogo cha kupulizia kinachopima monoksidi ya kaboni kinaweza kuthibitisha jibu papo hapo, na kifua kikuu kimeshaweka miadi ya miezi hiyo sita. Matokeo ya kila kituo yabandikwe ukutani, ili kituo kinachofanya vizuri kiigwe na kinachosuasua kisaidiwe. Programu ya taifa ya kupambana na uraibu iyapokee kutoka Kolwezi, iyapeleke Likasi, Lubumbashi na kwingineko.

Kazi ya kwanza haihitaji bajeti wala tangazo. Wauguzi wanaohudumia wagonjwa wa kifua kikuu Dilala na Manika wanaweza kuanza Jumatatu ijayo, kwa kumuuliza kila mgonjwa kama anavuta na kuliandika jibu. Baada ya miezi mitatu mkoa utakuwa na orodha ya watu halisi, na viongozi wa mitaa waende na idadi hiyo kwenye kikao cha kampuni na jamii, waombe dawa za watu hao. Naye mvutaji anayesoma haya asingoje orodha. Apange siku, awaambie wa nyumbani, amweleze muuguzi wa kituo kilicho karibu naye, na kama anakohoa zaidi ya wiki mbili, apimwe kifua kikuu siku hiyo hiyo.